Kinga wakati wa mvula mu Lubumbashi: njia inasafishwa na nani?

Mtu akifungua kijitabu cha mila kama hiki, anangoja kusoma juu ya mahari, matanga, majina ya mapacha, heshima ya mukwe na mambo ya namna hiyo. Ni vizuri, nasi tumeyasoma kwa furaha. Lakini kuna vitu vingine vilivyoingia mu maisha yetu bila kupigiwa ngoma, na leo karibu kila mtu amesahau kwamba vilikuwa vigeni. Kimoja njo kinga. Watu wa pwani wanasema baiskeli, ndugu zetu wa Kasai wanasema dikalu, sisi wa Lubumbashi tunasema kinga, na Wabemba wa upande wa Zambia wako na neno linalofanana na letu. Kitu ambacho baba alikinunua kwa jasho, akakifunga kamba za rangi, akakibebea bibi arusi, mgonjwa, jeneza na gunia la unga, hakiwezi kuitwa chuma tu. Kiko na adabu yake, kiko na lugha yake, na kiko na historia. Na historia hiyo haieleweki kama hatusemi juu ya mvula.

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, shida ya kinga ni theluji. Sisi theluji tunaisikia tu. Ile ya Kongo iko juu ya milima ya Ruwenzori, mu Kivu ya Kaskazini, ambako kilele cha Margherita kinafika metre 5,109, na hakuna mtu anayepanda kule na kinga. Mu Lubumbashi tuko kwenye urefu wa metre 1,200 na zaidi. Baridi yetu ya Juni na Julai inaweza kushuka chini ya nyuzi 10 alfajiri, vidole vinakauka kwenye gido, lakini njia inabaki ngumu na safi. Kwa mwenye kinga, ule wakati wa baridi ni wakati wa raha, ukiacha vumbi. (Barafu moja tu njo ilitembea katika barabara zetu: ile ambayo wavuvi Wagiriki wa Kasenga walipakia pamoja na samaki wa Luapula ili wafike mjini hawajaoza, zamani za Wabelgiji.) Shida yetu inaanza Novemba. Kutoka Novemba mpaka Machi tunapata karibu mvula yote ya mwaka, kiasi cha milimita 1,200, na udongo wetu ni ule mwekundu ambao ukikauka ni matofali, ukilowa ni sabuni. Kwa hiyo tukisema kwamba matope njo theluji yetu, hatufanyi mchezo. Mambo ni yale yale: kila mwaka yanarudi kwa mwezi unaojulikana, yanafunika njia, na mtu fulani anapaswa kuyaondoa kabla watu hawajaenda kazini. Swali ni: mtu fulani huyo ni nani?

Kabla ya kinga kulikuwa kijia. Wakati Mwami Msiri alipokuwa anatawala kule Bunkeya, misafara ya shaba, chumvi na pembe za ndovu ilipita mu pori watu wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine. Kijia cha namna hiyo ni chembamba, kinapinda pale mti umeanguka, kinazunguka dembo ikijaa mayi, na kinasafishwa na nyayo zenyewe. Miguu ikiacha kupita, majani yanakifunga. Hakuna aliyelipwa. Jambo la kushangaza ni kwamba kijia kile, upana wa mtu mmoja, ni upana ule ule ambao kinga inauhitaji. Gari liliomba barabara mpya. Kinga ilikuta yake tayari.

Lakini tusifikiri kwamba kinga ilikuja kwetu kwa wema tu. Mwaka 1888 mganga wa mifugo John Boyd Dunlop, mu mji wa Belfast, alitengeneza mpira wa kujazwa hewa kwa ajili ya kinga ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Katika miaka iliyofuata Ulaya na Amerika ziliingiwa na wazimu wa kinga, kila mtu alitaka mipira, na mpira ule ulitoka katika misitu, na sehemu kubwa ya misitu hiyo ilikuwa mu Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Wasomaji wanajua yaliyofuata, hasa mu Equateur na mu Kasai: vikapu vya mpira, wake waliofungwa kama rehani, mikono iliyokatwa, mpaka mwaka 1908 Ubelgiji ilipomnyang'anya mfalme nchi. Ndiyo kusema wazungu walitembea juu ya mpira wetu miaka mingi kabla sisi wenyewe hatujakalia kiti cha kinga. Mwalimu wa historia akifundisha jambo hili mu darasa, watoto wanaangalia kinga zilizoegemezwa nje ya dirisha kwa macho mengine.

Mu Katanga, kinga ilifuata reli. Reli ya kutoka Rhodesia iliingia mu Elisabethville mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa, na Union Minière, iliyoundwa 1906, ikaanza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911. Kwa njia hiyo ya kusini njo vitu vingi vya Waingereza vilifika kwetu, pamoja na kinga nzito nyeusi ambazo wazee hata leo wanazitaja kwa majina, Raleigh, Humber, BSA, kama mtu anavyotaja majina ya ng'ombe zake. Aliyekuwa nayo kwanza alikuwa mzungu, kisha katekista, karani, kapita, boyi wa nyumba kubwa. Baadaye mfanyakazi wa kawaida naye aliweka foranga zake pembeni.

Alihitaji kinga kwa sababu ya namna mji ulivyopangwa. Wazungu walikaa mu katikati, watu weusi mu cité, na kati ya hizo mbili waliacha uwanja mtupu, zone neutre, ili watu wasikaribiane. Mji ulipokua, komini mpya zilisogezwa mbali zaidi: Kenya, kisha Katuba, kisha Ruashi. Boyi aliyetakiwa kuwasha moto wa kahawa ya muzungu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa na safari ndefu kila siku, na Januari safari ile ilikuwa chini ya mvula. Mpango wa ubaguzi njo ulifanya kinga iwe ya lazima. Tuseme wazi: wengi wanasifu sana unadhifu wa Elisabethville ya zamani bila kuuliza nani alitembea ili unadhifu ule uwepo.

Na kweli ulikuwepo. Mu katikati ya mji na mu makambi ya kampuni, kaniwo zilichimbwa, zilijengwa, na zilisafishwa. Lakini tuangalie sababu. Mayi yakilala, mbu anazaa. Mbu akizaa, malaria inaingia kambini. Malaria ikiingia, shaba haitoki. Kazi ya kaniwo ilikuwa kazi ya usafi na afya ya wafanyakazi. Mwenye kinga alipata faida bila mtu kumfikiria. Hata hivyo, yeye njo alikuwa analipa: kinga ilitozwa kodi, na ilivaa kibati chenye namba kama gari. Wazee wengi wanakumbuka kibati kile kwa majivuno kuliko kwa hasira. Kilionyesha kwamba mwenye kinga ni mtu anayejulikana na Leta.

Nje ya mji, mambo yalikuwa mengine. Barabara za udongo zilitunzwa na kantonie, mtu aliyepewa kipande chake cha njia, jembe, pauro na upanga. Na nyuma ya kantonie kulikuwa kijiji kizima. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 juu ya utawala wa mashefu iliweka kazi za lazima ambazo ziliweza kufika siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zilipandishwa mpaka siku 120. Mashamba ya lazima, nyumba za kulala wasafiri, na barabara. Baada ya kila mvula kubwa shefu alitoa watu kwenda kujaza mashimo na kufungua mifereji ili gari la Administratere lipite. Aliyekataa alijua kinachomngoja.

Hapa njo tunafika kwenye fundo la maneno yetu. Kusafisha njia, ambayo ni kazi ya heshima sawa na kusafisha kisima, ilijulikana kwa watu wetu kama adhabu. Ilikuwa kazi ya Bula Matari. Kijia cha zamani kilisafishwa na wote kwa kupita. Barabara ya mkoloni ilisafishwa na wanyonge ili mwingine apite. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, watu wengi waliweka jembe chini kwa furaha, na ni nani atawalaumu? Lakini mvula haikupata uhuru. Iliendelea kunyesha Novemba.

Mobutu, katika miaka ya 1970, alijaribu kuirudisha kazi ile kwa jina zuri: salongo. Wimbo, kufagia, jembe, siku moja kila juma. Jina lilibadilika, fimbo ilibaki ile ile, hata kama ilikuwa fupi kidogo. Hata leo mkubwa akiamuru kartie isafishwe, watu wanasema salongo, na sauti ya kusema neno lile si sauti ya mtu anayeenda kwa moyo. Wakati huo huo Leta iliunda maofisi: Office des Routes mwaka 1971, na mwaka 1987 Office des Voiries et Drainage, ile tunayoiita OVD, kwa ajili ya njia za mijini. Mwangalie jina: njia na kupitisha mayi. Aliyeandika jina lile alielewa kwamba mu nchi ya mvula huwezi kutenga barabara na kaniwo yake. Kuelewa ni kitu kimoja, kuwa na pauro na mishahara ni kingine.

Kisha ikaja ile miaka ambayo kila familia ya hapa inaikumbuka kwa namna yake. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Oktoba 1991 mji uliporwa. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka mpaka chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990. Bisi zilikufa, mishahara ilikufa, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kujitolea. Katika miaka hiyo kinga ilibadilika kazi. Zamani ilimbeba mtu kwenda kazini. Sasa yenyewe njo ilikuwa kazi. Baba aliyekuwa anaijua kinga kama kitu cha Jumapili aliitoa nyumbani, akaenda nayo Kasumbalesa kutafuta unga wa Zambia, au akaingia pori kutafuta makala.

Hatukuwa peke yetu. Mu Kisangani, kinga za kubeba abiria zilipewa jina la toleka na zikawa taxi ya mji mzima. Mu Goma, vijana walibeba viazi na kuni juu ya chukudu, ile ya mti mtupu isiyo na pedali. Lakini kila fasi na mzigo wake, na mzigo wa Lubumbashi ni makala.

Turuhusiwe kukaa hapa kidogo, kwa sababu watu wanaiona kinga ya makala kila siku bila kuitazama. Kwanza, si kinga ile ya dukani. Fundi ameiongezea vyuma kwenye furshe na kwenye fremu, ameipanua portabagaji kwa nondo, ameondoa gardabu zote mbili. Gardabu inazuia matope yasimrukie mwenye kinga, lakini mu udongo wetu matope yanajaa katikati ya gardabu na mpira mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Kati ya kuchafuka na kusimama, mtu wa makala anachagua kuchafuka. Magunia yanafungwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka shamburere za zamani. Mpira ukilowa haulegei. Juu ya mdomo wa gunia wanaweka majani, na juu ya majani sasheti kubwa ya plastiki, kwa sababu makala yaliyolowa ni hasara mara mbili: njiani ni mazito, sokoni mama anayapima kwa jicho na kuyakataa. Fimbo ndefu inasafiri pamoja na mzigo. Inasimamisha kinga wakati wa kupumzika, na wakati wa mvula inaingizwa mu dibwi kwanza, kupima kama ni mayi ya kufunika kiatu au ni shimo la kumeza gurudumu. Freni ni kandambili.

Anatoka pori usiku, saa nane au saa tisa, kusudi afike mjini kabla ya jua na kabla ya mvula ya mchana. Mara nyingi hawasafiri mmoja mmoja. Kwenye mlima wanaacha kinga moja chini, wanasukuma ya mwenzake wakiwa wawili, wanarudi kuchukua ya kwanza. Mtu akivunja aksi, wengine wanagawana magunia yake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Mwanafunzi wa shule ya sekondari anayepita na kinga tupu anawapisha, kwa maana mwenye mzigo hawezi kusimama fasi yoyote; akisimama vibaya hatainuka tena. Hii njo ile adabu niliyosema mwanzo.

Sasa mtu huyu anaingia mjini kwa barabara ya Kasenga, ya Likasi, ya Kipushi au ya Kasumbalesa. Barabara hizi ziko na lami, na nyingine zilitengenezwa upya wakati wa Gavana Moïse Katumbi, kati ya 2007 na 2015, na mikataba ya migodi na Wachina ililetea mji kazi nyingine za lami. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lami ni ya lori. Malori ya shaba na ya kobalti yanapita mchana na usiku kwenda Zambia, na mwenye kinga yuko pembeni, kwenye ukingo. Ukingo wa lami njo fasi ya kwanza kufa. Mvula inakula udongo ulio kando, lami inabaki juu kama ngazi, wakati mwingine kimo cha mkono. Lori likipiga honi nyuma, mwenye magunia anapaswa kushuka ngazi ile kwenye matope. Akishindwa, anaanguka upande mmoja au mwingine, na upande mmoja ni gurudumu la lori. Ndani ya mji ni kaniwo. Zimejaa sasheti na chupa za plastiki (dekreti ya Desemba 2017 ilikataza sasheti, lakini kaniwo zetu hazikupata habari), mayi yanatoka juu, yanafunika barabara, na mtu hajui tena lami inaishia wapi na shimo linaanzia wapi. Ajali za namna hii hazihesabiwi sana. Lakini bei inahesabika: kila mama wa Lubumbashi anajua kwamba makala yanapanda wakati wa mvula, na sehemu ya ile bei ni mashimo.

Tulisema kwamba theluji ya Ulaya na matope yetu ni ndugu. Basi tuwaangalie wenzetu kidogo, tuone walichofanya. Mu Copenhagen, mji mkuu wa Denmarki, theluji ikianguka usiku, mashine zinasafisha njia kuu za kinga kabla ya njia nyingi za magari. Mu mji wa Oulu, kaskazini ya Ufini, karibu na fasi ambako jua la Desemba linaonekana saa chache tu, watoto wanaenda shule na kinga hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri; kule hawayeyushi theluji yote, wanaikandamiza na kuikwaruza mpaka inakuwa ngumu kama sakafu, na mwaka 2013 waliita mkutano wa kwanza wa mataifa juu ya kuendesha kinga wakati wa baridi. Ndugu zetu Wakongomani waliofika nchi zile kama wakimbizi wanaweza kutuambia zaidi.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Uswidi. Mu mji mdogo wa Karlskoga walijiuliza: kwa nini tunaanza na barabara kubwa za magari, na njia za miguu na za kinga tunazifikia mwisho? Walipoangalia, waliona kwamba wanaotembea kwa miguu na kwa kinga ni zaidi wanawake, na kwamba wanaoanguka na kuvunjika mikono ni zaidi watembeao kuliko wenye magari. Wakageuza utaratibu: kwanza njia za watembeao, kisha barabara kubwa. Stockholm nayo ilijaribu, na Novemba 2016 ilipata theluji kubwa kupita kiasi, mji ukakwama, na watu wakacheka sana mpango ule. Kicheko kile hakinisumbui. Jambo la maana ni kwamba walitambua kitu ambacho sisi hatujakitamka: utaratibu wa kusafisha ni uamuzi. Hakuna mvula wala theluji inayosema barabara ya mkubwa ianze. Ni mtu mu ofisi.

Na kwetu uamuzi huo unafuata nini? Unafuata pesa. Sheria ya mwaka 2008 iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, unaolishwa na kodi ya mafuta na malipo ya peaji. Mpango wenyewe si mbaya: anayetumia barabara alipie. Lakini kinga hainywi mafuta. Kwa hiyo mu hesabu ile mwenye kinga haonekani kabisa, sawa mtu anayekula bila kuchanga. Wengine wanasema wazi: yeye halipi, aombe nini? Tunawajibu kwa historia. Zamani za Wabelgiji alilipa, akavaa kibati, na kaniwo ilisafishwa kwa ajili ya mbu. Leo, kinga ya makala inakutana na vizuizi njiani, na kwenye kila kizuizi mfuko unafunguliwa, risiti iko au haiko. Anachanga. Ni mchango wake tu ambao haufiki kwenye ukingo wa lami.

Kuna wanaosema pia: mnatetea makala, mnatetea kumaliza pori. Neno hilo ni zito na hatulikimbii. Miombo inarudi nyuma mwaka kwa mwaka, na wakati mzee alikata mti kando ya mji, mtoto wake anaenda mbali sana kuutafuta. Lakini mji unapika na makala kwa sababu umeme unakatika au haufiki kabisa, na shimo barabarani halijaokoa hata mti mmoja. Lori linabeba makala mengi kuliko kinga mia, na lori linapita shimo. Tena si makala tu. Samaki wa kukausha wa Luapula, nyanya na mboga za Kafubu, unga, matofali, viti vya kukodisha vya matanga: asubuhi moja ukisimama mahali kinga zinapoingilia mji, utaona kwamba nusu ya chakula cha komini inapita kwa miguu miwili na magurudumu mawili.

Pikipiki zimeingia kwa wingi katika miaka ya karibuni, na vijana wengi wanaona kinga ni aibu. Sawa. Lakini pikipiki nayo inaanguka kwenye ukingo ule ule, tena kwa mbio.

Kitu kimoja bado kinaendelea bila Leta na bila salongo. Ukingo wa lami ukiharibika kabisa, mwezi wa pili au wa tatu, wenye kinga wanauacha. Wanafungua kijia chao kando, metre chache mu majani, upana wa mtu mmoja, kinachopinda pale kuna kichuguu na kuzunguka pale mayi yanalala. Mtu wa kwanza anakata majani kwa upanga, wa pili anaweka mawe mawili kwenye tope, wa tatu analaza magogo juu ya mfereji. Baada ya majuma machache kijia ni kigumu na cheupe, kinaonekana kutoka mbali, na hata wanafunzi na ba mama wenye mabeseni wanakifuata. Mu barabara ya Kasenga viko, mu barabara ya Kipushi viko. Havimo katika ramani yoyote. Ndiyo maana mji unapopanuka na viwanja vinauzwa, mpimaji anapiga vigingi vyake katikati ya kijia, ukuta unapanda, na asubuhi moja kinga zinakuta matofali. Wenye kinga wanasimama, wanaegemeza mizigo juu ya fimbo, wanashauriana kidogo, kisha wa mbele anatoa upanga na kuanza upande wa pili wa ukuta.